Utulivu wa Lamu Unakaa Ndani ya Nyumba



Kila mgeni arejeaye kutoka Lamu huja na neno moja mdomoni: kimya. Asema kuwa Mji wa Kale hauna magari, mizigo yabebwa na punda na mikokoteni, na vichochoro vingine ni vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hujibandika ukutani ili mwenziwe apite. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo sifa hiyo imezidi kuenea. Hata pikipiki zilipoanza kuingia kisiwani, zilikatazwa kupita ndani ya Mji wa Kale. Haya yote twayashukuru. Lakini neno kimya halitoshi, kwani makaburini nako kuna kimya. Kinachoufanya mji mdogo ukalike ni utulivu, na utulivu una wenyewe.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 112, Mwenyezi Mungu apiga mfano wa mji uliokuwa na amani na uliokuwa umetulia, riziki yake ikiujia kwa wingi kutoka kila upande, kisha watu wake wakazikufuru neema. Sifa mbili hizo hazina maana moja. Amani ni kusalimika na hofu. Kutulia, ambako kwa Kiarabu kwatokana na itmi'nani, ni moyo kutua mahali usiwe na haja ya kuhama.

Tofauti hiyo watu wa Lamu waliionja mwaka 2014. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na maeneo ya jirani, serikali ilitoa amri ya kutotoka nje usiku, nayo ikaendelea kwa miezi. Jioni milango ilifungwa, baraza zikabaki tupu, na wavuvi waliozoea kuingia baharini usiku wakaketi nyumbani wakiyatazama majarife yao. Kimya kilikuwapo tele, tena kizito kuliko kile wanachokisifu wageni, wala hakuna aliyekiita utulivu.

Basi utulivu wenyewe watengenezwa na nini? Kwa sehemu kubwa, na nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu ina kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari zake zalaliwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Mlangoni pana daka, lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni wa kiume huketi akazungumza na mwenyeji bila kuuona ua. Ukiingia wakuta tekani, nayo imepindishwa makusudi ili mlango ukiwa wazi jicho la mpita njia lisifike ndani. Kisha misana, kisha ndani kabisa, kwenye zidaka ukutani. Kila hatua sauti ya njiani yapungua. Aliyezijenga nyumba hizi alikuwa ameielewa vyema ile amri ya Suratun-Nur ya kutoingia nyumba za watu mpaka utake idhini na kuwasalimu wenyewe. Aliiandika kwa mawe.

Na juu ya njia, hapa na pale, kuna wikio, yaani chumba kilichovuka kichochoro kikaunganisha nyumba mbili za jamaa. Mtalii hukipiga picha akafikiri ni pambo. Akina mama wa zamani walipita humo kwenda kumwona mzazi, kusaidia kuosha maiti wa kike, au kupeleka sahani ya futari, bila ya kushuka njiani. Mji uliokuwa ukionekana kimya kwa chini ulikuwa na pilikapilika zake huko juu, na pilikapilika hizo ndizo zilizoulea. Mtoto aliyetoroka chuoni alikutwa na shangazi wa nyumba ya tatu kabla mamake hajajua kuwa ametoroka. Mwenye uchungu wa uzazi hakungoja mtu kuitwa.

(Tusidanganyane kuhusu kimya chenyewe. Suratu Luqman yatuamrisha tushushe sauti, na yatutajia sauti iliyo mbaya kuliko zote, ambayo ni ya punda. Nasi katika mji wetu uliotulia tumejaaliwa punda kwa mamia, nao hawakubali kunyamaza usiku wa manane. Na katika Mfungo Sita, Maulidi yanapofika na wageni wakamiminika Riyadha kutoka visiwani, Mombasa na ng'ambo, hakuna anayelala mapema, wala hakuna anayelalamika.)

Lazima pia tuyaseme yale ambayo mgeni wa siku tatu hayaoni. Mji mdogo hauna siri. Ukinunua kole badala ya changu, mtaa mzima umeshajua kuwa una wageni. Hilo ni la kuchekesha. Lakini mwanamke aliyeachika hupita njia moja asubuhi na jioni, mbele ya baraza zile zile, na macho yale yale. Na binti aliyefaulu mtihani akataka kwenda kusoma mbali huijua rai ya majirani kabla ya kuijua ya babake. Suratul-Hujurat yakataza kudukuliana na kusengenyana, nasi twaisoma kwa sauti nzuri, kisha twatoka barazani. Kuna vijana wanaohamia Mombasa wakitafuta kazi, na kuna wanaohamia huko wakitafuta mahali ambapo hakuna ajuaye jina la nyanya yao. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliipa Kaunti ya Mombasa watu 1,208,333, na Kaunti ya Lamu nzima, bara na visiwa, 143,920. Katika umati wa kwanza mtu aweza kupotea akapumzika. Hatuwezi kuusifu utulivu tusiitaje bei yake.

Hata hivyo, linalotutia wasiwasi wiki hii si wale wanaoondoka kwa hiari. Ni nyumba.

Kwa miaka mingi sasa nyumba za mawe, hasa za Mkomani, zimekuwa zikinunuliwa na wageni, wengi wao kutoka Ulaya. Tuwe waadilifu: baadhi yao walizikuta kuta zinaanguka, wakazisimamisha, wakawapa kazi mafundi wa chokaa na wachonga milango ambao ufundi wao ungekufa. Hatuna ugomvi na mtu aliyenunua kwa halali. Lakini tazameni kinachofuata. Nyumba iliyokuwa na mama, mabinti, wajukuu na mkaza mwana huwa ya mtu anayekuja wiki chache kwa mwaka. Miezi iliyobaki yuko mlinzi na ufunguo. Daka haliketiwi na mtu. Nyumba tano za namna hiyo zikifuatana katika kichochoro kimoja, kimya huzidi kweli kweli, tena cha kupendeza, na ajuza aliyesalia katika nyumba ya sita hana wa kumgongea ukuta usiku akishikwa na kifua. Wikio lipo, limepakwa chokaa jipya, lakini upande wa pili umefungwa.

Watu husema, "Wameuza kwa tamaa." Ukichunguza, mara nyingi hukuti tamaa. Wakuta mirathi iliyokaa miaka bila kushughulikiwa. Na kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wanawake, twataka tuifanye hesabu hadharani, taratibu.

Chukua mtu aliyefariki akaacha nyumba moja, mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake wametangulia, na deni hana. Mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Mafungu saba yaliyobaki ni ya watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: kila mwana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Jumlisheni. Wana wawili wana mafungu manne. Mama na mabinti watatu wana mafungu manne. Nusu ya nyumba hiyo ni ya wanawake.

Sasa jiulizeni: mnunuzi anapobisha hodi, huzungumza na nani? Huzungumza na mwana mkubwa, barazani au kwenye mkahawa wa forodhani. Bei yakubaliwa huko. Wanawake hupelekewa karatasi. Wakati mwingine mama yungali edani, hajaimaliza miezi yake minne na siku kumi, na tayari amesikia kutoka chumba cha pili watu wakipima ukuta.

Tuseme wazi. Mshirika hana ruhusa ya kuuza fungu la mwenziwe, na kaka si mmiliki wa mafungu ya dada zake kwa kuwa ni kaka. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa mali ya Mwislamu si halali ila kwa kuridhika kwa nafsi yake. Dada aliyetia dole gumba kwa kuwa ameona haya kumkatalia kakake mbele ya shemeji zake, je, nafsi yake imeridhika? Twawaachia kina kaka walijibu swali hilo wenyewe kabla hawajaulizwa mahali pengine.

Wala hatusemi kuwa kina kaka ni madhalimu. Aghalabu yule mwana mkubwa ana haja ya kweli: karo, ugonjwa, deni la chombo. Nyumba yenyewe inavuja, na kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa ni gharama ambayo mtu mmoja haimudu. Na kila mwaka unaopita hesabu yazidi kuwa ngumu. Akifariki mmoja katika wale wana wawili, mafungu yake mawili yagawika tena: mamake ana sudusi humo, mkewe ana thumni, na watoto wake wana kilichobaki. Baada ya vizazi vitatu, nyumba yenye vyumba sita ina warithi arubaini. Kuna waliozaliwa Muscat na kuna waliozaliwa Jeddah, na wengine hawajawahi kuiona. Hapo hakuna anayeweza kuwanunulia wengine wote, hakuna anayetaka kuikarabati mali ya watu arubaini, na kuuza ndiko huonekana njia pekee. Mwenye fungu moja katika mafungu manane akishapewa zake hukuta kuwa fedha hizo hazimnunulii hata chumba mtaani kwake. Huenda kwa mwanawe Mombasa, orofa ya nne, akawa mgeni wa kudumu. Alikuwa akishona kofia na kupika mahamri, wateja wakimjia mlangoni kwa jina. Huko juu hakuna amjuaye. Atakapoulizwa yu hali gani, atasema alhamdulillahi, na hatosema zaidi.

Wazee wetu walikuwa na ada iliyolizuia jambo hili, nayo inafaa ikumbukwe. Katika familia za mji wenye uwezo, baba alimpa binti nyumba alipoolewa, au alimjengea orofa juu ya nyumba yake mwenyewe, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Ndiyo maana nyumba nyingi za Lamu zilipanda juu badala ya kuenea. Hiyo ilikuwa hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, wala haikuwa mirathi. Binti alikabidhiwa, akakaa humo, akazaa humo. Talaka haikumtoa, ujane haukumtoa. Wanaosema kuwa ada hii ilipingana na fardhi hawakuifahamu. Mtu akiwa hai na mzima ana haki ya kutoa mali yake, ila Mtume ametuamuru tuwe waadilifu baina ya watoto wetu katika zawadi, kwa hiyo anayempa binti nyumba na awape ndugu zake chao pia. Kilichotuangusha sisi wa leo ni karatasi. Ada ile ilisimama juu ya neno na mashahidi. Mashahidi wamekufa, na wajukuu wa kaka wanasema kuwa shangazi aliazimwa tu.

Kwa hiyo anayetaka kumpa binti yake nyumba leo, na aandike, atie mashahidi, abadilishe jina katika ofisi ya ardhi, na amkabidhi kweli, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi hiba haitimii bila ya kukabidhiwa. Asingoje maradhi ya mauti. Na asidhani kuwa ataandika wasia badala yake: mrithi hausiwi, ila warithi wenziwe waridhie.

Kwa nyumba ambayo mwenyewe ameshatangulia, mlango ulio karibu ni mapatano ambayo wanavyuoni huyaita takharuji. Mrithi mmoja au zaidi hukubali kutoka katika mirathi kwa kitu maalumu, fedha au mali nyingine, na fungu lake likabaki kwa wanaokaa. Rudini kwenye mfano wetu. Mama na mabinti watatu wana nusu. Hawahitaji kuinunua nyumba nzima. Wahitaji kuwaridhisha kaka wawili kwa nusu ya pili, na pengine mmoja wao atakubali kulipwa kidogo kidogo kutokana na kodi ya vyumba vya chini. Au wote wabaki washirika, nyumba isiuzwe, na wagawane kodi kwa mafungu yao. Hili halihitaji utajiri. Lahitaji kikao kimoja ambacho wanawake wameketi ndani yake tangu mwanzo, badala ya kuitwa mwishoni kutia sahihi.

Wengine huitaja wakfu. Ni mlango mwema kwa aliye hai: nyumba ikishawekwa wakfu kwa ajili ya kizazi chake, au kwa ajili ya wajane na mabinti wa kizazi hicho, haiuzwi wala hairithiwi. Lakini tuna neno hapa, na huenda lisipendeze. Wakfu usiokuwa na fungu la ukarabati ni kuihukumu nyumba ianguke polepole, kwa kuwa haiuzwi na hakuna anayejiona mwenyewe wa kuitengeneza. Zipo kuta pwani nzima zilizokufa kwa njia hiyo. Mwenye kuweka wakfu na ataje kabisa ni kodi gani, ya duka lipi au chumba kipi, itakayonunua chokaa na boriti, na ni nani msimamizi baada ya msimamizi wa kwanza.

Mlango wa kadhi u wazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko, na mwanamke ana haki ya kwenda mwenyewe, bila ya kutumwa wala kusindikizwa, kuomba mirathi ya babake igawiwe. Kwenda kwa kadhi hakumaanishi umemshtaki kakako. Familia nyingi zingebaki na mapenzi yao lau zingekwenda mapema, hesabu ikasomwa na mtu wa tatu.

Anayetaka kuanza, na aanze leo usiku baada ya isha, na daftari la mtoto. Aandike jina la aliyekuwa mwenye nyumba na mwaka aliofariki. Chini yake aandike walioachwa hai siku ile, wote, hata yule mke wa pili asiyetajwa sana na yule binti aliyeolewa Pate. Kisha kwa kila aliyefariki baadaye, aandike tarehe na warithi wake, kwa kuwa atakayepiga hesabu atahitaji kujua ni nani aliyemtangulia nani. Atafute hati ilipo. Mara nyingi imo katika kasha la bibi, chini ya kanga za eda. Ampigie simu yule shangazi wa Muscat sasa, yungali ana kauli, amwulize anataka nini. Akishayapata hayo, awaite kaka zake waje nyumbani kwenyewe, wakae ndani, si barazani.